Maswali na Majibu: Snobodi (Kuteleza Thelujini kwa Ubao) kwa Bei Nafuu, na Mtego wa Kilomita 600

SWALI: Kituo gani cha theluji ni cha bei rahisi kuliko vyote Ulaya? Naomba jibu moja tu.

Jibu moja halipo, na swali hili linaletwa kila msimu bila tarehe, bila idadi ya watu, bila hata mji wa kuondokea. Chumba cha bei ya kutupa Bulgaria, ukikiongezea ndege ya Jumamosi ya katikati ya Februari shule za Uingereza zikiwa zimefungwa, kinaweza kukutoa pesa zaidi ya Austria ya katikati ya Januari. Jumlisha ndege pamoja na mzigo, usafiri wa kutoka uwanjani, malazi, pasi ya lifti (tiketi ya kupandishwa mlimani), kukodi vifaa na ada ya mwalimu. Usisahau chakula cha mchana mlimani. Ukiwa na hesabu hiyo, uliza tena.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Muscat na hatujawahi kukanyaga theluji. Tumeambiwa twende Bansko, Bulgaria. Ni nafuu kweli?

Ni nafuu, ila si mnapodhani. Pasi ya lifti ya Bansko si ya bei ya kijijini tena. Mnachookoa ni kwenye vyumba, chakula na walimu, na wanaoanza wanauziwa kifurushi cha pasi, vifaa na mafunzo kwa pamoja, chukueni hicho. Bulgaria inatumia euro tangu Januari 1, 2026, kwa hiyo anayewauzia lev, sarafu yao ya zamani, mpiteni. Kutoka uwanja wa Sofia ni takriban kilomita 160 kwa barabara.

Kero ya Bansko ni gondola, yaani vibanda vya kupandia mlimani vinavyoning'inia kwenye waya. Mji uko chini, kwenye mita 900 na kitu, na miteremko ya wanaoanza iko Banderishka Polyana, juu ya mita 1,600. Kila asubuhi mji mzima unajipanga foleni mahali pamoja. Fikeni kabla haijafunguliwa, au changieni teksi na wenzenu iwapandishe kwa barabara. Vifaa kodini duka la juu, vilale huko huko, msivibebe kila siku.

Jioni shukeni na gondola. Ile njia ndefu ya kurudi mjini mtaambiwa ni rahisi, na kwa mwenye skii ni rahisi kweli. Lakini ni nyembamba, inajaa watu waliokwisha kuchoka, na ina sehemu tambarare. Mwenye skii ana fimbo za kujisukumia. Mwenye ubao akiishiwa kasi anafungua mguu wa nyuma na kujisukuma kama mtoto na skuta, au anabeba ubao kwapani na kutembea.

SWALI: Nimepata ofa ya Les Trois Vallées, Ufaransa: kilomita 600 za njia kwa pasi moja. Kwa sisi tunaoanza, si ndiyo thamani ya pesa?

Siyo. Kilomita 600 ni kweli zipo, na nyinyi hamtazigusa. Wiki ya kwanza ya ubao inaliwa hivi: siku mbili za kushuka kwa makali ya kisigino (ukingo wa ubao ulio upande wa visigino) na kukaa kitako kila baada ya hatua chache, siku inayofuata makali ya vidole, na kufikia siku ya nne au ya tano, ukiwa na mwalimu mzuri, unaunganisha kona kwenye njia ya buluu, yaani njia rahisi. Kwa kazi hiyo unahitaji mteremko mmoja wa mita mia mbili tatu na lifti isiyokuangusha. Ulizieni pasi ya wanaoanza, au ya bonde moja tu. Vituo vingi vya Ufaransa vina hata lifti za chini zisizolipiwa.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kutoka kwenye mteremko wa wanaoanza, napanda na nini? Zulia la kupandia, viti au gondola, sawa. Akisema lifti ya kukokota, ile ya kitufe au ya umbo la T, tafuteni kwingine. Kwenye lifti hiyo ubao unaelekea mbele wewe ukiwa umesimama kiubavu, mguu wa nyuma haujafungwa, na mvuto wote unaishia kwenye paja la mbele. Makali yakigusa theluji kidogo tu umelala, na aliye nyuma anakuja juu yako. Wakilazimika kuitumia, wengi hukosea kwa kuikalia. Haikaliwi. Unasimama, mguu wa nyuma umeuegemeza kwenye kifungio, unaiacha ikuvute.

Na msishangilie njia za kijani, zile rahisi kuliko zote. Ufaransa, Andorra na Hispania wanazo, Italia na Austria ngazi ya chini ni buluu. Nyingi za kijani zimelala mno kwa ubao. Buluu fupi yenye mteremko wa wastani inafundisha haraka zaidi.

SWALI: Ninunue ubao wangu?

Nunua buti, ubao kodi. Buti nzuri ni ile ambayo ukiinama magoti kisigino hakinyanyuki, ukiwa na soksi moja, siyo mbili.

SWALI: Jinzi inafaa?

Hapana. Inalowa, inaganda.

SWALI: Tuko Stuttgart, watatu, kona tunazijua. Tunataka theluji ya uhakika na bustani ya kurukia (eneo la vilima vya kurukia kwa ubao), bila bei za Uswisi.

Livigno, Italia. Kijiji chenyewe kiko mita 1,816, kimebanwa kati ya maeneo mawili ya kuteleza, Mottolino na Carosello 3000, basi za kijijini ni bure, na ni eneo lisilotozwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo jazeni tangi la mafuta kabla ya kuondoka. Snobodi ya Olimpiki ya 2026 ilifanyika hapo. Taabu ni kufika. Handaki la Munt la Schera, la kuingilia kutoka Uswisi, linalipiwa na lina njia moja tu, magari hupokezana. Jumamosi utaota mvi humo. Ingieni siku nyingine, au zungukeni kupitia mji wa Bormio mkiwa na matairi ya baridi. Italia inalazimisha bima ya madhara kwa wengine kwa kila anayeteleza tangu 2022, na helmeti sasa ni ya wote, siyo watoto tu.

SWALI: Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Nahitaji viza kwenda Austria?

Unahitaji. Uingereza haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Na wewe mwingine uliyeuliza kuhusu Jahorina, kituo cha theluji karibu na Sarajevo: Bosnia nayo haimo, kwa hiyo viza ya Schengen ya kuingia mara moja inaisha kazi ukivuka kwenda Sarajevo.

SWALI: Bima ya viza inatosha mlimani?

Ya viza inadaiwa ifike angalau euro 30,000 za matibabu, lakini soma ukurasa wa visivyolipwa: michezo ya theluji mara nyingi imo humo. Ukivunjika Ufaransa, hata kubebwa kwa sleji kwenye njia ya kawaida kuna ankara. Kadi ya afya ya Ulaya au ya Uingereza hailipi uokoaji wa mlimani. Ongeza kipengele cha snobodi, na kama utatoka nje ya njia zilizowekewa alama, hicho ni kipengele kingine tena. Vaa pia vikinga vya mkono ndani ya glavu, na ukianguka mbele kunja ngumi. Kinachovunjika kwa wanaoanza ni kifundo cha mkono, kwa sababu wanaikinga theluji kwa mikono iliyonyooka.