Kung'oa gego la mwisho hakuleti upofu

Dada, umeuliza kama ni kweli mama akitolewa gego la mwisho la chini atapofuka, kama alivyoambiwa. Hapana, gego hilo likitolewa macho hayaguswi. Aliyemwambia mama hivyo amemtisha bure. Mimi ni tabibu wa meno hapa Mwanza na hofu hii naikuta mara kwa mara, hasa kwa wazee. Mshipa wa fahamu wa kuona unatoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, haupiti kwenye taya kabisa. Unaopita karibu na mizizi ya gego hilo ni ule wa hisia za mdomo wa chini na kidevu, na pembeni yake upo wa ulimi. Hapo ndipo penye hatari ya kweli: ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi. Kwa wengi huisha baada ya wiki au miezi, kwa wachache sana hubaki. Ndiyo maana gego lililolala ndani ya fizi halitolewi kwa kubahatisha, lazima eksirei ya taya kwanza. Na kama limelala tu bila kusumbua, huenda lisihitaji kutolewa.

Ila umesema shavu limevimba na mdomo haufunguki vizuri. Hilo msilisubirishe. Mpelekeni leo hii hospitali ya wilaya pale Nansio, huko kisiwani Ukerewe, wakiona inafaa watampa rufaa avuke ziwa kuja hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Usaha wa sehemu ile unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa.