Barua kwa mwanangu: Kilio cha wanafunzi wa babu

Mwanangu mpendwa,

Tangu tumzike babu yako kule Ukerewe, swali lako halijanitoka: "Mama, mbona wanafunzi wa babu walilia kuliko nyie watoto wake?" Siku ile nilikukatisha. Leo nakujibu.

Sisi tulikuwa bado tunamwogopa. Nilipopita kumuaga jenezani nilijikuta nanyoosha mgongo, kama nakaguliwa mstarini.

Shuleni tulikatazwa kumwita baba. Nikiwa darasa la tatu likanitoka: "Baba, nimemaliza." Darasa zima likaangua kicheko. Alinisimamisha mbele mpaka ikagongwa kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni. Nyumbani hakuligusia. Aliogopa kuambiwa anapendelea wanawe, najua, lakini nilikuwa na miaka tisa na mpaka leo inaniuma.

Fimbo aliitumia, tena sana, na kwa hilo simtetei. Ila yule mzee mvuvi aliyelia mpaka akashikiliwa, uliona alichokuja nacho? Daftari lake la hesabu, kalifunga kwenye nailoni miaka yote hiyo. Kila ukurasa una wino mwekundu: "Hapa umesahau kukopa. Rudia." Walikuwa zaidi ya sabini darasani, na baba alisahihisha mstari kwa mstari usiku kwa taa ya chemli. Mzee yule aliniambia, "Nyumbani hakuna aliyejua kama nipo. Mwalimu alijua hata ninapokosea."

Halafu kuna jioni, ambazo nyie hamkuzikuta. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwetu kanda ya ziwa kisomo kilipamba moto. Watu walijifunza kusoma kwa habari za pamba na uvuvi, kazi zao wenyewe. Jioni baba aliwafundisha wazazi wa wale wale aliowachapa asubuhi. Mimi nilimbebea taa. Mbele ya wale akina mama hakupaza sauti hata mara moja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mkono wake ulizoea jembe, kalamu ikawa inamponyoka. Baba asingeweza kumshika mkono mkwewe, ilikuwa mwiko. Akachuchumaa mbali kidogo, akachora herufi mavumbini kwa kidole, polepole, kisha akaniambia, "Mshike bibi mkono, mfuate ninavyokwenda." Nikaushika. Ulikuwa mkavu, na ulitetemeka. Tukaenda hivyo watatu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jina lake likakamilika. Mpaka jioni ile saini yake ilikuwa dole gumba.

Daftari lake la kisomo ninalo sandukuni. Ukija Desemba nitakuonyesha ukurasa wa mwisho. Baba kaandika kwa ule wino mwekundu: "Vizuri sana, mama." Yangu nimeyapekua yote niliyobaki nayo, neno hilo sijaliona.

Mama yako