Mchezo wa hesabu usiomtoa mtoto nje

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Darasa la Pili nilikuwa na watoto 74 na mchezo mmoja niliouamini sana. Watoto wote wanasimama, wanahesabu kwa zamu, na anayeangukiwa na 3, 6, 9, 12 na kuendelea hataji namba, anapiga kofi. Moja, mbili, kofi. Nne, tano, kofi. Anayekosea anakaa chini, na wa mwisho kubaki amesimama ndiye bingwa wa siku. Darasa lilichangamka, nami nikajiona nimepata dawa.

Wiki ya pili nikausimamia mchezo huo nikiwa nyuma ya darasa badala ya mbele, na ndipo nikaona. Wanaokaa chini mwanzoni ni walewale kila siku. Wakishakaa, wanachora kwenye daftari, wanachokozana, wanaangalia nje. Waliobaki wamesimama, wakihesabu mpaka 60 na zaidi, ni wale wanaojua tayari. Mtoto mmoja wa dawati la dirishani alikuwa anakosea kwa makusudi. Nilimwita wakati wa mapumziko nikamuuliza kwa upole, akanijibu, "Mwalimu, nikikaa mapema hawanicheki sana."

Jibu hilo limekaa nami miaka yote hii. Tangu hapo, kila mchezo wa hesabu ninaousikia kwa mwalimu mwenzangu naupima kwa swali moja: mtoto asiyejua atapata zoezi kiasi gani humo ndani? Kama anayekosea anatolewa, basi anayehitaji kuhesabu mara 20 amehesabu mara moja, na aliyekwisha kujua amehesabu mara 20. Huo ni mgawanyo mbaya, hata kama kelele zote ni za furaha.

Mchezo wa kofi sikuutupa. Niliubadilisha tu. Siku hizi akikosea mmoja, hakai mtu. Tunaanza upya sote kutoka moja, na pembeni ya ubao nimeandika namba ya mbali kuliko zote tuliyowahi kufika. Darasa zima linashindana na namba hiyo. Utashangaa watoto wanavyomnong'oneza mwenzao jibu kabla zamu haijamfikia. Zamani ningekataza. Sasa nawaacha, maana anayenong'onezwa leo kesho anataka kulitaja mwenyewe.

Kwa makumi na mamoja natumia vizibo vya soda. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarakimu 0 hadi 9, kizibo kimoja tarakimu moja, na chini ya 6 na 9 piga mstari, la sivyo mtabishana hadi kengele. Vitie kwenye mfuko. Kila mtoto anachora daftarini visanduku vitatu: mamia, makumi, mamoja. Unachomoa kizibo kimoja, unataja tarakimu, na kila mmoja anaamua aiandike kisanduku gani. Akishaandika, hafuti. Ukishachomoa vitatu, mwenye namba kubwa kuliko wote ameshinda.

Hapa watoto 74 wanacheza kwa wakati mmoja, na vifaa vyote ni vizibo kumi. Ikitoka 4 mwanzoni utaona vichwa vinavyoinama kuwaza: niiweke kwenye mamia, au nisubiri huenda ikaja 8? Mtoto anayewaza hivyo ameshaelewa kwamba 4 ya mamia si 4 ya mamoja, na mimi sijasema neno. Siku nyingine geuza, mshindi awe mwenye namba ndogo kuliko wote. Hapo sifuri inageuka mgogoro mzuri. Aliyeiweka kwenye mamia atadai ameshinda, na wenzake watamwambia namba yake haina mamia, ni ya makumi tu. Waache wabishane kidogo kabla hujaamua.

Lakini mchezo ninaoupenda kuliko yote watoto walikuja nao wenyewe kutoka nyumbani. Ni mdako.

Wengi wetu tumeucheza. Shimo dogo kama kisosi, mawe ndani yake, na jiwe moja la kurusha. Unalirusha juu, kabla halijatua unakumba mawe kutoka shimoni, unalidaka. Unalirusha tena, unarudisha yaliyozidi na kubakiza nje moja. Mkondo wa kwanza ni moja moja, wa pili mbili mbili, wa tatu tatu tatu. Nimeucheza utoto wangu wote bila kufikiri kwamba nilikuwa nagawanya.

Siku moja nilipita chini ya mwembe wa shule nikawakuta watoto wangu wanacheza kwa mawe 12. Walikuwa wamefika tano tano. Mchezaji alitoa matano, akatoa matano mengine, akainuka kana kwamba amemaliza. Binti mmoja, ambaye darasani nikimuuliza kugawanya hutazama chini tu, akaruka: "Hujamaliza, bado mawili humo!" Nikachuchumaa nikamuuliza, kwa nini mawili? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Tano na tano kumi, mwalimu. Mawili hayafiki tano."

Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni 12 ÷ 5 = 2, baki 2, nikamwomba aje awaeleze wenzake kwa mawe. Alieleza vizuri kuliko mimi. Aliyekuwa hatazami ubao sasa ameshika chaki.

Tangu hapo mdako una nafasi yake kila wiki. Nawagawa vikundi vya watoto sita sita, kila kikundi shimo lake uani, na kila mkondo ukiisha mmoja wao anaandika: mawe mangapi, yalitolewa mangapi mangapi, mara ngapi, yakabaki mangapi. Mwandishi anabadilika kila mkondo. Anza na mawe 12, maana yanagawanyika vizuri kwa 2, 3, 4 na 6. Baadaye wape 13 uone nyuso zao, kwa sababu hapo baki haikwepeki. Wavulana wangu mwanzoni walisema huo ni mchezo wa wasichana. Nilikaa chini nikacheza nao mkondo mmoja, na maneno hayo yakaisha siku ileile.

Duka la darasani walimu wengi wanalijua, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Acha chenji irudishwe kwa kuhesabu kwenda mbele, kama wanavyofanya wauzaji wetu gengeni. Nimeona watoto wengi wakiandika 500 − 350 = 250, kwa sababu wakifika makumi wanaona sifuri haitoshi, basi wanageuza, wanatoa sifuri kwenye tano. Mpe mtoto huyohuyo boksi tupu la dawa ya meno la shilingi 350 na mteja mwenye sarafu ya 500. Ataweka 50 mkononi, aseme "mia nne", ataongeza 100, aseme "mia tano". Hapo ndipo umrudishe kwenye daftari lake, umuulize kwa nini duka linasema 150 na daftari linasema 250. Usimpe jibu haraka. Wapo wanaotumwa kuuza karanga na maandazi jioni. Hao ndio wawe wauzaji wa kwanza, wapate siku ya kuonekana wanajua.

Bao ni zuri pia, ila linataka muda. Kuruka kamba kwa kuhesabu mbili mbili au tano tano kunafaa sana asubuhi yenye baridi.

Kuhusu kelele: zungumza na mwalimu wa darasa la jirani kabla, si baada. Mimi nacheza dakika kumi za mwisho za kipindi, na watoto wakijua mchezo unakuja, dakika 20 za mwanzo zinakwenda vizuri. Zawadi sitoi. Nilijaribu pipi muhula mmoja, wakaanza kuibiana majibu na kulia, nikaacha.

Vizibo waombe wenye maduka wakuwekee kwa wiki moja. Vioshe, vikaushe juani, halafu vigonge kingo kwa jiwe mpaka zilale, maana zile za bati hukata vidole.