Online sipati hadithi, shida ni mimi?

SWALI: Mhariri, mimi napenda gemu zenye hadithi. GTA V niliimaliza yote nikatamani iendelee. Vijana wenzangu hapa Arua wakasema ingia online ndo kuna raha, nikaingia, lakini naona napigwa risasi tu, narudi, napigwa tena. Je, shida ni mimi? – Msomaji, Arua

JIBU: Hapana ndugu yangu, huna shida yoyote, na hao wenzako usiwalaumu, wao wanatafuta kitu kingine. Angalia hiyo hiyo GTA V, ilitoka 2013, wale watu watatu unaowachezesha, Michael, Franklin na Trevor, wanaongea toka mwanzo hadi mwisho, wanagombana, wanatukanana, Michael ana mke na watoto wasiomsikiliza, mpaka unamjua kabisa ni mtu wa aina gani. Sasa ingia online, mtu wako ni bubu! Wanampigia simu, wanampa kazi, wanamuuliza maswali, yeye anatikisa kichwa tu. Utamhurumia vipi?

Lakini mzizi wenyewe uko hapa. Hadithi inataka kitu kikitokea kiwe kimetokea, adui akifa amekufa. Online haiwezi hivyo maana nyuma yako kuna maelfu ya watu nao wanamtaka huyo huyo adui, basi baada ya muda kidogo anafufuka, na wewe umeambiwa ndo shujaa pekee wa kuokoa dunia huku pembeni yako wamejaa mashujaa wengine walioambiwa hivyo hivyo. Mimi hapo hamu inaniisha kabisa.

Chukua Fallout 76, gemu nyingine ya online, ilitoka Novemba 2018 bila binadamu wa kuongea naye zaidi ya wachezaji wenzako, hadithi ukaitafute kwenye kanda za sauti na barua za watu waliokwisha kufa. Watu walilalamika sana, na Aprili 2020 watengenezaji wakaleta nyongeza inaitwa Wastelanders, binadamu wakarudi na maneno yao.

Zipo gemu za online zinazojitahidi. Star Wars: The Old Republic ya 2011 ina hadithi nane, kila kazi unayochagua na ya kwake, na mtu wako anaongea. Ila kuna sehemu lazima mwende kundi, na mwenzako aliyeshapita hapo mara nyingi hataki kusikiliza maongezi, anataka mkimbie tu.

Na sisi Uganda kuna suala la bando, toka Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12, halafu umeme ukienda katikati ya mechi ndo basi, wenzako hawakungoji. Gemu ya kucheza peke yako unaseevu, unalala, kesho unaendelea ulipoachia.

Kama una mashine ya PS4 tafuta diski ya The Witcher 3 ya 2015, hiyo unacheza peke yako. Humo kuna mtu anaitwa Baroni, ukifika kwake usiruke maongezi hata moja, msikilize mpaka mwisho ndo uamue kama ni mtu mbaya.