Kabla Hujailaumu Lenzi ya Reinjifainda

Anayepiga picha kwa kamera ya reinjifainda haoni kupitia lenzi. Anatazama kupitia kidirisha cha pembeni na kuzikutanisha taswira mbili ili kupata fokasi, yaani umbali ambao picha hutoka kali, huku mkono mdogo wenye gurudumu ndani ya kamera ukifuata mwendo wa lenzi. Kwa hiyo taswira zinaweza kukutana barabara na picha ikatoka na ukungu. Hapa Mji Mkongwe nimeona watu wakiziuza lenzi nzima kwa sababu hiyo. Ushauri wangu ni kuipima kwanza.

Mimi huanza na umbali wa mwisho, ule wenye alama ya ∞ kwenye lenzi. Asubuhi mapema, kabla joto halijaanza kuichezesha hewa juu ya bahari, simama Forodhani, izungushe lenzi mpaka ikome, kisha utazame mlingoti wa chombo kilichotia nanga mbali. Uwe mlingoti au kitu kingine kilichosimama wima, kwa kuwa taswira ya pili husogea kushoto na kulia. Zisipolalana, jaribu lenzi nyingine: zikikosea zote kwa namna moja, ugonjwa umo ndani ya kamera, ikikosea moja tu, basi hiyo ndiyo ya kupelekwa kwa fundi.

Umbali wa karibu ndio wenye kazi. Milango yetu ya nakshi inavutia kwa jaribio hili, lakini vifundo vyake vya shaba vimeachana mno. Lenzi ya mm 50 ambayo tundu lake la kupitishia mwanga limefunguliwa hadi f/1.4, ikilenga mita 1, huonyesha sawasawa eneo la kama sentimita 3 tu, na kosa la kiasi hicho hupita katikati ya kifundo na kifundo bila kuonekana. Tandika futi ya fundi cherehani juu ya baraza, weka kamera kwenye tripodi ikiitazama futi kwa mshazari, lenga alama moja iliyokolezwa wino, halafu utazame picha ni tarakimu zipi zilizotoka kali.

Hapo mengi hujitokeza. Lenzi za Jupiter za Kisovieti, kwa mfano, zilifuata urefu wa fokasi wa kamera za Contax, karibu mm 52.4, ilhali kamera za Leica hukadiria mm 51.6, ndiyo maana lenzi hukubaliana na kamera kwa mbali, lakini kwa mita 1 fokasi huangukia sentimita chache nyuma ya alama. Lenzi za muundo wa Sonnar, uliotoka kampuni ya Zeiss, zina tabia nyingine: ukilibana tundu, fokasi nayo husogea nyuma. Kwa hiyo pima kwa tundu unalolitumia kila siku, kwa maana jibu la f/1.5 si jibu la f/2.8.

Kosa likiwa lilelile kila mara, mimi silitii bisibisi. Fokasi ikiangukia nyuma, ninazikutanisha taswira kisha ninajirudisha nyuma kidogo kabla ya kubonyeza. Ikiangukia mbele, ninainama mbele. Skurubu ya lile gurudumu dogo nawaachia mafundi, kwani ukiisogeza kwa ajili ya lenzi moja umeziharibia nyingine zote. Na pima kwa tripodi tu: anayelenga jicho la mtu kisha akaigeuza kamera ili kuipanga picha hujiletea kosa la nyuma kwa mkono wake mwenyewe, hata lenzi ikiwa nzima.