Nimeambiwa nifungwe vyuma mgongoni: je, hakuna njia nyingine?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mkulima na mpakiaji wa viazi mviringo upande wa Uporoto, mkoani Mbeya. Mgongo umenisumbua kwa miaka sita, hasa ninapoinama kwa muda mrefu, na nikipumzika hupoa. Lakini tangu miezi minane iliyopita maumivu yameshuka kutoka tako la kushoto, yanapita upande wa nje wa paja na wa mguu hadi kwenye kidole gumba, ambacho hufa ganzi. Kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa diski (mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo) mbili za chini, L4-L5 na L5-S1, zimetokeza, na za juu yake zimeanza kuchakaa. Daktari mmoja amesema nifungwe vyuma sehemu zote mbili. Mwingine amesema nifanye mazoezi na niache mizigo. Wazee wanasema aliyepasuliwa mgongo hainuki tena. Ndugu wamekwisha kuchanga fedha na wanasubiri neno langu. Je, nipasuliwe au nivumilie? Na mkanda wa mgongo unasaidia?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza kana kwamba una ugonjwa mmoja na tiba mbili zinazoshindana, ilhali kwa maelezo yako una maumivu ya aina mbili, na kila aina ina hesabu yake. Kuna maumivu ya mgongo wenyewe, hayo ya miaka sita, na kuna maumivu ya mguu, ya miezi minane, yanayofuata njia ya mshipa mmoja wa fahamu unaotoka mgongoni. Nayatenganisha mapema kwa sababu jibu langu lote linasimama hapo: upasuaji una uwezo mzuri wa kutuliza maumivu ya mguu yanayotokana na mshipa uliobanwa, lakini uwezo wake wa kumaliza maumivu ya mgongo wenyewe ni mdogo na hautabiriki. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akitarajia hilo la pili huweza kutoka akinung'unika hata kama kazi imefanywa vizuri.

Tuanze na picha, kwa kuwa naona ndiyo iliyokutia hofu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 kati yao walikuwa na diski iliyotuna walau mahali pamoja, na ni asilimia 36 tu waliokutwa na diski za kawaida katika pingili zote. Kwa hiyo maneno "zimeanza kuchakaa", yakiandikwa kwenye ripoti ya mtu wa miaka 43 aliyelima na kupakia magunia tangu ujana, hayaniambii mengi, na nisingependa yakunyime usingizi.

Picha hupata maana pale inapokubaliana na mwili. Diski ya L4-L5, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, ikitokeza kuelekea pembeni, kwa kawaida hubana mshipa wa L5, ambao hupeleka hisia upande wa nje wa mguu hadi kidole gumba na kuamuru misuli inayokiinua kidole hicho. Diski ya L5-S1, iliyo chini yake, kwa kawaida hubana mshipa wa S1, ambao hisia zake huelekea kwenye kigimbi, kisigino na kidole kidogo, na udhaifu wake huonekana mtu anaposhindwa kusimama kwa ncha za vidole. Ulivyoyaeleza maumivu yako yanafanana na ya mshipa wa L5. Iwapo daktari atakupima kwa mikono, akakuinua mguu ukiwa umelala chali na goti limenyooka, akajaribu nguvu ya kidole gumba na kulinganisha hisia za miguu yote miwili, na akafikia hitimisho hilo hilo, basi diski ya L4-L5 ndiyo yenye kesi ya kujibu; ile ya chini yake huenda ipo tu kama zilivyo diski nyingi zilizotuna bila kumdhuru mwenye nazo.

Hapo ndipo ninapositasita juu ya pendekezo la kukufunga vyuma, kwa taarifa nilizonazo. Watu husema "upasuaji wa mgongo" kana kwamba ni kitu kimoja, nazo ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kuondoa kile kipande cha diski kinachobana mshipa: jeraha ni dogo, pingili zinaachwa zikicheza kama zilivyokuwa, na kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Ya pili ni kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ili zisicheze tena. Hii ya pili ina mahali pake, kwa mfano pingili iliyoteleza na kulegea, iliyovunjika, iliyoliwa na maambukizi, au mgongo uliopinda vibaya. Wewe hujanieleza lolote kati ya hayo, na katika ripoti uliyoinukuu silioni.

Kuhusu kufunga pingili kwa ajili ya maumivu sugu ya mgongo peke yake, utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 uliwagawa wagonjwa 349 kwa bahati nasibu, wengine wakaunganishwa pingili na wengine wakapewa programu nzito ya mazoezi pamoja na ushauri wa kuishinda hofu ya kusogea. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti iliyowapendelea waliopasuliwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuona ushahidi wa wazi kuwa wamewazidi wenzao. Niongeze kwamba programu ile haikuwa karatasi yenye michoro anayokabidhiwa mgonjwa mlangoni akiondoka. Kwa wastani ilichukua takriban saa 75 za kazi chini ya usimamizi. Wagonjwa wengi wanaoniambia "mazoezi nilifanya, hayakusaidia" walifanya kwa siku nne.

Kwa maumivu ya mguu, ushahidi unasema vingine, na muda ndio unaoamua. Huko Uholanzi, mwaka 2007, yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona, ingawa ni haki kusema kwamba asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walijikuta wamepasuliwa ndani ya mwaka huo. Mwili una tabia ya kukinyonya kipande cha diski kilichotoka, na ungeniuliza wiki ya nane ningekushauri usubiri bila kusita. Lakini wewe una miezi minane. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2020 uliwachukua watu 128 wa hali kama yako, waliokuwa na maumivu ya mguu kwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita, walioondolewa kipande cha diski walikuwa na maumivu ya 2.8 kwa kipimo cha 10, na walioendelea na tiba nyingine walikuwa na 5.2, wakati wote walianza karibu na 8. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayeshindwa kulala.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Kama hujapata wiki sita hadi nane za fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ya kweli, zianze sasa, kwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Kama umekwisha kuzipata kwa uaminifu na mguu bado unakuamsha usiku, usipoteze mwaka mwingine ukivumilia. Kaonane na daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo ukamwulize juu ya kuondoa kipande cha diski ya L4-L5 pekee. Kuvumilia bila mpango, ambako ndiko wagonjwa wengi huangukia katikati ya madaktari wawili wasiokubaliana, ndilo chaguo baya kuliko yote mawili.

Ushauri huo unafutika papo hapo yakitokea mambo fulani. Ukiona mkojo umeziba au unatoka bila wewe kujua, choo kikubwa hakizuiliki, sehemu za siri na zile unazokalia zimekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa mishipa inayobanwa namna hiyo ikicheleweshwa huenda isirudi. Ukianza kuburuza mguu kwa sababu huwezi kuuinua kutoka kifundoni, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Na hata kabla ya mazoezi, daktari wako awe amejiridhisha kuwa huna homa za jioni, jasho la usiku wala kupungua uzito. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya iko miongoni mwa yenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini, na kifua kikuu, kinachopenda kufuatana nayo, huweza kuingia kwenye pingili bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Anayekunywa maziwa mabichi naye huweza kupata brusela ya mgongo. Magonjwa haya yana dawa zake, na kwa kiasi kikubwa hutibiwa kwa vidonge na sindano bila kupasua.

Wazee wako msiwapuuze, kwani hofu yao ina historia. Wapo watu waliopasuliwa wakiwa wamekwisha kupooza, na upasuaji ndio uliobebeshwa lawama. Waelezeni kwamba uti wa mgongo wenyewe, yaani ule uzi mnene wa fahamu unaopita ndani ya pingili, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo kuna mishipa inayoning'inia ndani ya maji. Daktari anayefanya kazi L4-L5 hayuko penye uti. Hatari zilizopo ni nyingine, nazo usizifiche: maambukizi ya jeraha, kuchanika kwa utando na kuvuja maji, mshipa wenyewe kujeruhiwa, na diski hiyo hiyo kutoka tena, jambo linalowapata takriban watu 5 hadi 15 katika kila 100.

Sasa hizo wiki sita hadi nane. Hakuna zoezi moja lililothibitika kuyashinda mengine yote, na mtaalamu wa fiziotherapia atachagua kufuatana na mikao inayokupunguzia maumivu ya mguu. Dalili njema ni maumivu kupanda kutoka kidoleni kurudi kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kidogo kwa siku chache. Tembea kila siku. Milima ya kwenu haina ubaya, ila anza na njia ya tambarare. Usilale kitandani mchana kutwa ukidhani unaupumzisha mgongo, maana unaudhoofisha.

Kazi nayo ibadilike, na hapa nitasema zaidi kuliko nilivyoulizwa. Gunia la lumbesa, lenye kilo zaidi ya 100 na kilemba juu yake, halikupaswa kuwapo sokoni, achilia mbali mgongoni mwa mtu mmoja, na kwa miezi mitatu ijayo usiliguse. Ujazo mdogo, watu wawili kwa gunia, toroli au guta kutoka shambani hadi barabarani, kuchambua viazi juu ya meza badala ya kuchutama, jembe lenye mpini mrefu: hayo yote ni tiba. Daktari mwenzangu aliyekuambia uache mizigo amesema kweli, ila mkulima haachi mizigo kwa kuambiwa. Anaiacha akipewa namna nyingine ya kuifikisha garini.

Dawa ni msaada wa njiani. Diklofenaki na jamii yake hutuliza kwa siku chache zikimezwa baada ya chakula, lakini ukizimeza miezi kwa miezi huchoma tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Tramadoli usiizoee. Vitamini za mishipa ambazo karibu kila mgonjwa wa mguu huandikiwa hazisaidii mtu asiyepungukiwa nazo, na fedha hiyo ingetosha nauli ya kliniki. Sindano ya steroidi karibu na mshipa huweza kukupa nafuu ya wiki chache, si zaidi. Mkanda uliouliza, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 halikuupendekeza kwa maumivu sugu ya mgongo. Kama unao, uvae safarini, ukifika uvue.

Fedha zilizochangwa zisikusukume kuamua. Mkikaa kuhesabu, ingizeni humo gharama ya upasuaji, safari za kliniki, na msimu utakaopita bila wewe kushika jembe, kwa sababu hata baada ya upasuaji mdogo kazi nzito kwa kawaida husubiri wiki nyingi. Kwa rai ya pili unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ikibidi upewe rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 800 za kukaa, kwa hiyo shuka unyooke kila basi linaposimama. Utakapoketi mbele ya bingwa, mwulize ni mshipa upi anaodhani umebanwa, ni diski ipi atakayoigusa na kwa nini asiiache nyingine, na kama bado anataka vyuma, akuonyeshe kwenye picha pingili iliyolegea. Ili aweze kukuonyesha, mpelekee filamu au sidii yenyewe ya MRI, siyo ile karatasi ya majibu peke yake.