Nani aliyeanza mgomo? Maswali yenu kuhusu wanawake wa viwandani

Swali: Ndugu mwandishi, husemwa kwamba mgomo wa wanawake wa viberiti wa London uliitishwa na Annie Besant, mwandishi na mwanaharakati. Ni kweli?

Hapana, na kosa hili linaniuma kila nikilikuta. Juni 1888 Besant aliandika makala kuhusu kiwanda cha Bryant & May, eneo la Bow, akaeleza ujira mdogo na faini zilizokatwa hata kwa kosa la kuzungumza kazini. Alichowaomba wasomaji ni kuvisusia viberiti hivyo. Wakubwa wa kiwanda wakataka wafanyakazi watie saini karatasi ya kuikana makala. Wakakataa. Mwenzao mmoja alipofukuzwa, waliweka zana chini, na haukupita muda wagomaji wakafika kiasi cha 1,400. Besant alikuja baadaye kuchangisha fedha na kuwasemea, na kwa hilo anastahili shukrani, lakini uamuzi ulikuwa wao.

Katika wiki mbili hivi walishinda: faini zikafutwa, waliofukuzwa wakarudishwa, wakaahidiwa chumba cha kulia. Chumba hicho si jambo dogo. Viberiti vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na wanawake walikuwa wakila palepale walipofanyia kazi, mkate ukichanganyika na sumu. Iliingia kupitia meno mabovu, taya likaoza mtu akiwa hai. Uingereza ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1908, miaka 20 baada ya mgomo.

Sarah Chapman alikuwa katika kamati ya mgomo ule. Alifariki mwaka 1945, akazikwa katika kaburi la maskini lisiloandikwa jina.

Swali: Je, Machi 8 ni kumbukumbu ya wanawake walioungua kiwandani New York?

Hizo ni habari mbili tofauti. Moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle ulitokea Machi 25, 1911. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa huru. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba wasichana walewale walikuwa wamegoma mwaka 1909, baada ya Clara Lemlich, mshonaji wa miaka 23, kuchoka kusikiliza hotuba ndefu za viongozi, akaomba nafasi ya kusema na kutaka mgomo upigiwe kura hapohapo. Washonaji zaidi ya 20,000 walitoka. Viwanda vingi vilikubali kuzungumza na chama chao cha wafanyakazi, ila Triangle ilikataa.

Swali: Basi tarehe hiyo ilitoka wapi?

Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, mwaka 1917. Clara Zetkin, msoshalisti wa Ujerumani, alikuwa amependekeza siku ya wanawake mwaka 1910 mjini Copenhagen, bila kutaja tarehe. Machi 8, 1917, ambayo kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule ilikuwa Februari 23, wanawake wa viwanda vya nguo waligoma wakidai mkate, ingawa viongozi wa vyama vya kimapinduzi waliwashauri wangoje. Wiki moja baadaye mfalme alijiuzulu.

Swali: Mgomo ulioshindwa una faida gani?

Nitakujibu kwa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kaskazini mwa London. Agosti 1976 Jayaben Desai, mama wa Kihindi aliyewahi kuishi Tanganyika, alitoka kazini akakataa kurudi. Waliomfuata walikuwa hasa wanawake wenye asili ya Asia, wengi wao wakitokea Afrika Mashariki. Miaka miwili tu kabla, mjini Leicester, wafanyakazi wa asili hiyohiyo waligoma na chama chao cha wafanyakazi kikawapa kisogo. Safari hii wachimba migodi walisafiri kutoka Yorkshire kuja kusimama langoni pamoja na wanawake waliovaa sari, na watu wa posta wakakataa kugusa barua za kiwanda.

Hata hivyo walishindwa. Tume iliyoundwa na serikali ilipendekeza warudishwe kazini, mwajiri akakataa. Uungaji mkono wa wakubwa wa vyama ulipopoa, Novemba 1977 Desai na wenzake walisusa kula nje ya makao makuu ya shirikisho la vyama. Chama chao kikawasimamisha uanachama. Julai 1978 walimaliza mgomo bila kurudishwa kazini, lakini baada yao ilikuwa vigumu kwa chama chochote Uingereza kusema kwamba wanawake wahamiaji hawawezi kugoma.